Kericho Ina Unyevu, Lakini Mashine Bila Maji Inanyausha Pua

Kuna sentensi moja imetusumbua sana hapa kwetu, na leo nataka tuizike. Inaenda hivi: "Kericho kunanyesha karibu kila siku, hewa yenyewe imejaa maji, sasa humidifaya ni ya nini?" Nimeisikia kwa muuzaji wa mashine, kwa jirani, hata kwa msee mmoja mwenye digrii. Inasikika kama akili. Si kweli, na kuna watu wanalipia huo uongo kila usiku wakilala.

Wacha nianze polepole kwa wale hawajui tunaongelea nini. Unajua ule mkoromo wa mzee wa boma, ule unakufanya uongeze sauti ya simu ukiwa chumba kingine? Saa zingine ni mkoromo tu. Saa zingine ni apnea ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, na pumzi inakatika kwa sekunde kumi au zaidi. Ubongo unashtuka, unamwamsha kidogo tu apumue, halafu analala tena bila kujua aliamka. Ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, madaktari wanaiita kali. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia kwa matatu kabla haijajaa, na presha inapanda. Sisi tunacheka tu, tunamrekodi, tunapost.

Dawa yake kubwa si tembe. Ni mashine ya CPAP: feni ndogo kando ya kitanda, bomba, na barakoa ya puani. Inasukuma hewa kwa nguvu kiasi, na hiyo hewa inashikilia koo lisijifunge. Humidifaya ni kile kisanduku cha maji kinachokaa kwa hiyo mashine, chini kina sahani ya kupasha moto, ili hewa ipite juu ya maji vuguvugu kabla ifike puani.

Msimamo wangu ni huu: hicho kisanduku si cha kujionyesha, na si cha watu wa Garissa pekee. Ni sehemu ya tiba. Na watu wa Kericho na Bomet ndio wangefaa kuelewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu tunakaa karibu na viwanda ambavyo vimeifanyia kazi hii sayansi kwa miaka mingi.

Kiwanda cha chai kinajua siri hii

Kama umekulia Litein, Kapkoros, Mogogosiek au Kapkatet, unajua safari ya majani chai. Yanachunwa, yanapelekwa baiyin, yanapimwa, lori linayabeba hadi kiwandani. Huko yanamwagwa kwenye vitanda virefu vyenye wavu, na feni kubwa zinapuliza hewa kutoka chini. Hiyo hatua ni kunyausha. Lengo ni jani lipoteze maji kiasi, liwe laini, kabla ya kupelekwa kwa mashine za kusaga. Inaweza kuchukua saa 12 hadi 18.

Sasa fikiria usiku wa ukungu, mvua imenyesha tangu saa nane mchana. Hewa imejaa maji mpaka juu. Hewa kama hiyo haikaushi kitu, na wewe mwenyewe unajua: ukianika suruali hapo nje usiku, asubuhi utaikuta mbichi kuliko ulivyoianika. Kwa hivyo kiwanda kinafanya nini? Kinapitisha hewa hiyo hiyo kwenye mabomba ya mvuke kutoka kwa boila. Hewa inapanda joto kidogo. Na ghafla ile hewa iliyokuwa imeshiba maji inakuwa na kiu. Inaanza kunyonya maji ya jani.

Rudia hiyo sehemu, kwa sababu ndiyo kila kitu. Hakuna mtu alitoa maji kwa hiyo hewa. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni joto. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi, kwa hivyo inashiba haraka. Ukiipasha moto, uwezo wake wa kubeba unaongezeka, na inatafuta maji mengine popote ilipo karibu.

Halafu angalia hatua inayofuata. Majani yakishasagwa kwa mashine za CTC, zile zilibuniwa India miaka ya 1930 na ndizo zinatengeneza chai nyingi ya Kenya, yanaenda kuchachuka. Hapo kiwanda kinageuza mambo. Sasa hakitaki jani lipoteze hata tone. Hewa inayopita hapo inaongezwa unyevu kwa makusudi, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, kwa sababu jani likikauka kabla ya kuchachuka vizuri, rangi inaharibika, ladha inaharibika, na bei Mombasa inaharibika. Na hiki ni kiwanda kiko Kericho! Na bado kinaongeza unyevu. Hakuna meneja amewahi kusema, "Wacheni, nje kuna ukungu wa kutosha."

Pua yako ni kiwanda pia

Hewa ikiingia puani, pua inaipasha moto na kuilowesha. Ikifika ndani kabisa ya mapafu, iko nyuzi 37 na imeshiba maji kabisa. Hesabu yake ni rahisi. Hewa ya nyuzi 37 iliyoshiba inabeba takriban gramu 44 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 10, ile ya alfajiri yetu ya baridi, hata ikishiba mpaka mwisho, inabeba takriban gramu 9 tu.

Gramu 9 dhidi ya 44. Yaani ile hewa ya Kericho unayosema imejaa maji, ikipashwa moto hadi joto la mwili, inakuwa na kama robo tu ya maji inayohitaji, hata chini ya robo. Hizo zingine zote zinatoka wapi? Kwa pua yako.

Ukilala kawaida, hii si shida. Pua ina ujanja wake: ukitoa pumzi, hewa ya ndani inapoa ikipita puani na kurudisha maji mengine. Ni kama deni linalolipwa kila pumzi. Lakini mashine ya CPAP inasukuma hewa nyingi kuliko ile ungevuta peke yako. Na mtu akifungua mdomo usingizini, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni, njia moja, bila kurudi. Deni halilipwi tena. Pua inatoa maji usiku kucha na hairudishiwi kitu.

Kwa lugha ya kiwanda, hapo unanyausha pua ya mtu.

Dunia ilijifunza kwa njia ngumu

Sasa tuingie historia, kwa sababu hii akili haikushuka tu. Watu walilipia.

Agosti 1952, mji wa Copenhagen, Denmark. Polio imeshika mji. Wagonjwa wanaletwa hospitali ya Blegdam wakiwa misuli ya kupumua imekufa ganzi. Daktari mmoja wa dawa za usingizi, Bjørn Ibsen, anapendekeza kitu kigeni: watoboe shimo kooni, waweke mrija, halafu wapulize hewa kwa mkono kwa kufinya mfuko. Mashine za kutosha hazikuwepo, kwa hivyo wakaita wanafunzi wa udaktari. Karibu 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, wakifinya mifuko kwa mkono. Vifo vikapungua sana, na wengi wanahesabu hapo ndipo wodi za wagonjwa mahututi zilianzia.

Lakini ukitoboa koo, umeruka pua. Hewa inaingia kwenye mapafu moja kwa moja, baridi na kavu, bila kupita kwa kiwanda chetu kidogo. Makohozi yanakauka, yanakuwa kama gundi, yanaziba mrija. Mgonjwa uliyemwokoa kutoka kwa polio anaweza kufa kwa sababu ya mrija umezibwa na kohozi kavu. Kuanzia hapo madaktari wakaelewa kwamba ukimpa mtu hewa kwa mashine, lazima pia umpe kazi ambayo pua ilikuwa inafanya.

Ruka hadi Nyuzilandi, mwisho wa miaka ya 1960. Hospitali ya Auckland, daktari wa wagonjwa mahututi anaitwa Matt Spence. Vifaa vya kulowesha hewa vilivyokuwepo havikumridhisha. Akashirikiana na mhandisi wa serikali, Alf Melville, na Dave O'Hare wa Fisher & Paykel. Hiyo kampuni ilikuwa ya friji na mashine za kufua, wasee, si ya hospitali. Na mfano wao wa kwanza ulitengenezwa na nini? Chupa ya kioo ya kuhifadhia matunda. Ile ya jikoni. Mwaka 1971 wakaanza kuuza humidifaya, na leo Fisher & Paykel Healthcare ni kampuni kubwa ya dunia inayojitegemea, iliyokua kutoka kwa chupa moja ya jamu.

Hii sehemu naipenda kwa sababu inaua ile dhana kwamba teknolojia ya hospitali lazima itoke maabara ya mabilioni. Ilitoka jikoni. Kwani kina kogo wetu walikuwa wanafanya nini wakitufunika na blanketi juu ya sufuria ya maji moto na majani ya mkaratusi? Kujifukiza hakutibu apnea, na usimwambie mtu hivyo. Lakini wazo la kwamba pua iliyokauka inataka mvuke, hilo tulikuwa nalo.

Mwaka huo huo wa 1971, daktari George Gregory na wenzake San Francisco walichapisha utafiti wa kutumia msukumo wa hewa usiokatika kuwasaidia watoto waliozaliwa kabla ya wakati wapumue. Hiyo ndiyo CPAP ya watoto, na leo ukiingia wodi ya watoto wachanga hapa Kenya unaweza kuikuta, bomba moja limezamishwa kwa chupa ya maji likitoa mapovu. Kumbuka hiyo. Kazi ya kusukuma hewa na kazi ya kuilowesha zilizaliwa karibu pamoja, kama mapacha.

Halafu wakatenganishwa

Mtu wa kuleta CPAP kwa watu wazima wanaokoroma ni Colin Sullivan, wa Sydney, Australia. Kabla yake, tiba ya uhakika ya apnea kali ilikuwa kutoboa koo. Fikiria kuambiwa hivyo kwa sababu ya kukoroma. Mwaka 1980 Sullivan akachukua injini ya kifaa cha kufyonza vumbi, akaunganisha bomba, akaunganisha na barakoa iliyogundishwa puani mwa mgonjwa. Koo likabaki wazi, mtu akalala. Mwaka 1981 akachapisha matokeo ya wagonjwa watano kwenye jarida la Lancet. Wagonjwa watano tu, na dunia ikabadilika.

Mashine za mwanzo zilikuwa kubwa, zenye kelele, na hewa yake ilikuwa kavu. Hapo ndipo mapacha walitengana. Hospitalini, kwa mgonjwa mwenye mrija kooni, kulowesha hewa kulikuwa lazima. Nyumbani, kwa mtu mwenye barakoa ya puani, ilionekana si lazima, kwa sababu pua iko, itafanya kazi yake. Humidifaya ikawa kitu cha kuongeza baadaye mtu akilalamika.

Na watu walilalamika kweli. Pua kukauka, pua kuziba, damu kutoka puani, koo kuwasha. Kwa miaka mingi hayo yalichukuliwa kama madhara madogo. Mwaka 1996 kundi la watafiti wa Sydney, Sullivan mwenyewe akiwemo, likaonyesha kinachoendelea. Mtu akivuja hewa mdomoni huku mashine inapuliza, pua inakauka, mishipa ya damu ndani yake inavimba, na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Pua ikiwa nyembamba, mtu anafungua mdomo zaidi. Akifungua mdomo zaidi, pua inakauka zaidi. Ni mduara. Hewa iliyopashwa moto na kuloweshwa kabisa ilizuia sehemu kubwa ya hiyo shida. Kupitisha hewa juu ya maji baridi hakukusaidia vile.

Ndiyo maana neno "moto" ni muhimu. Maji baridi kwa kisanduku hayatoshi, kwa sababu ile ile ya gramu 9. Hewa baridi haiwezi kubeba maji ya kutosha hata ukiiogesha.

Mwaka 1999 utafiti mwingine kwenye jarida la Chest ukawapima watu wale wale wakiwa na humidifaya ya moto, ya baridi, na bila. Wakiwa na ya moto, walivaa mashine karibu saa tano na nusu kwa usiku. Bila, karibu saa tano. Unaweza kusema nusu saa ni kidogo. Nami nakuambia ukweli wote: tafiti za baadaye hazikukubaliana kuhusu masaa, zingine ziliona tofauti, zingine hazikuona. Lakini kuhusu pua na koo kukauka, humidifaya ya moto ilipunguza hayo. Na mwaka 2006 chama cha madaktari wa usingizi Marekani kikaiweka kwenye mwongozo wake, kwamba iongezwe ili watu watumie mashine zaidi.

Miaka 25 kutoka Lancet hadi hapo. Miaka 25 ya watu kuambiwa wavumilie.

Anko na lori

Anko wangu, ndugu ya mama, anaendesha lori la kubeba majani chai kutoka baiyin hadi kiwandani. Kazi yake ni ya usiku mara nyingi, barabara za kona, matope, ukungu. Alianza kusinzia akiwa kwa usukani. Mama alikuwa analia kila akitoka nyumbani. Baada ya kupimwa usingizi huko Nairobi akaambiwa ana apnea kali, na familia ikachanga. Harambee kwa WhatsApp, mbuzi wawili wakauzwa.

Muuzaji alikuwa na mashine ya aina mbili, yenye humidifaya na isiyo nayo. Akamwambia ile sentensi. Kericho kuna unyevu, mzee, usipoteze pesa. Anko akashukuru, akarudi na ile ya bei nafuu.

Usiku wa tano pua ikatoa damu. Usiku wa tisa akaivua katikati ya usingizi na hakuirudisha. Ikaenda kwenye sanduku, sanduku likaenda chini ya kitanda, juu yake zikawekwa vitabu vya shule vya watoto. Nilipomuuliza akanijibu, "Weri, hii kitu inanikausha mpaka kichwani. Afadhali nikorome." Wiki iliyofuata alikuwa tena barabarani usiku, na lori limejaa.

Angalia vile mambo yalikuwa. Majani aliyokuwa anabeba yangefika kiwandani yapewe hewa yenye unyevu uliopimwa, na mtu wa zamu angeangalia kipimo usiku kucha. Yeye mwenyewe aliambiwa avumilie.

Ilichukua miezi mingine kupata kisanduku cha maji kinachoingia kwa ile mashine yake. Siku hizi analala nayo. Lakini usidhani hadithi iliisha hapo, kwa sababu baridi ya Kericho ilikuwa na jambo lingine la kutuonyesha.

Mvua ndani ya bomba

Usiku wa pili na humidifaya, anko aliamka akipiga kelele kwamba mashine inataka kumzamisha. Maji yalikuwa yanamdondokea usoni kutoka kwa barakoa, na bomba linanguruma kama chupa ya soda.

Sayansi ni ile ile, imegeuzwa tu. Hewa ya moto iliyoshiba maji inatoka kwa mashine, inapita kwenye bomba, na bomba liko kwenye chumba cha baridi. Hewa inapoa njiani, haiwezi tena kubeba maji yote, inayaacha. Ni kama jasho la ndani ya kifuniko cha sufuria. Nairobi kwenye chumba chenye joto unaweza usione hii shida. Nyumba ya mabati huku kwetu, usiku wa Julai, utaiona.

Suluhisho la watengenezaji ni bomba lenye waya wa joto ndani, linalozuia hewa isipoe njiani. Hilo ni bei nyingine. Sisi tulifanya ya mtaani: bomba likavalishwa kitambaa kizito, likapitishwa ndani ya blanketi, na mashine ikawekwa kwa kiti kifupi chini ya usawa wa kitanda, ili maji yakijikusanya yarudi kwa mashine badala ya kumshukia usoni. Kiwango cha unyevu tukakishusha kidogo. Ikakubali.

Unaona kejeli? Baridi ambayo muuzaji alisema inamaliza haja ya humidifaya ndiyo inafanya humidifaya iwe ngumu zaidi kutumia. Mtu wa Kericho anahitaji ushauri zaidi, si kidogo.

Stima, maji, na mashine za kutumiwa

Kuna mambo matatu lazima niyaseme kabla ya kumaliza, kwa sababu kuwaambia watu "nunua humidifaya" na kuondoka ni utapeli pia.

Kwanza ni stima. Kupasha maji moto kunakula umeme, mara nyingi kuliko kile feni yenyewe inakula. Ndiyo maana watu wanaotumia betri huzima humidifaya kwanza. Historia ya mvuke huku kwetu imekuwa historia ya nani ana umeme wake. Kampuni kubwa za chai zilijenga mitambo yao kwenye mito ya Kericho. Hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet, ilijenga wake kwenye mto Nyangores miaka ya 1980. Sisi wengine tuna tokeni, na tulikaa gizani nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023. Mgonjwa wa CPAP anafaa kujua kabla ya kununua: stima ikipotea, mashine yangu itafanya nini?

Pili ni maji. Kisanduku kinataka maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi chumvi. Maji ya tangi la mvua yanaonekana safi, lakini yana uchafu wa paa na vijidudu, na unayageuza kuwa hewa ya kuvuta usiku kucha. Maji ya betri ya petroli stesheni yalitengenezewa betri, si pua. Ukikosa yaliyotoneshwa usiku mmoja, yaliyochemshwa yakapoa ni afadhali. Na yaliyobaki yamwage kila asubuhi, kisanduku kioshwe na kikaushwe.

Tatu ni mashine za kutumiwa kutoka ng'ambo. Wengi wetu tuna binamu Marekani anayeweza kutuma moja iliyotumika. Shukuru, lakini angalia. Juni 2021 Philips iliita mashine zake nyingi zirudi kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kuchakaa na kuingia kwenye njia ya hewa. Joto na unyevu mwingi vilitajwa kati ya vinavyoweza kuharakisha huo uchakavu, pamoja na usafishaji wa ozoni. Kwa hivyo mashine ya zamani ya zawadi, angalia namba yake kwanza kama iko kwenye ile orodha.

Kuvumilia si tiba

Kitu kinachonisumbua kwa hii historia yote ni neno "kuvumilia". Copenhagen walijifunza kwamba hewa bila unyevu inaweza kuua mgonjwa wa mrija. Auckland walitatua na chupa ya jikoni. Halafu mtu wa nyumbani akaachwa nje kwa miaka, kwa sababu yeye hafi usiku huo huo. Yeye anaacha mashine tu. Na akiacha, hakuna anayeandika mahali kwamba tiba ilishindwa. Wanasema mgonjwa ndiye alishindwa, kwamba ni mbishi, ni mwafrika, hapendi mashine.

Mashine bora duniani ikiwa chini ya kitanda haitibu mtu. Kinachomfanya mtu aivae kesho tena ni tiba sawa na ile hewa yenyewe. Kwa hivyo ninyi mnaopanga malipo ya bima, iwe ni SHA au za kibinafsi, msilipie mashine halafu mwite kisanduku cha maji anasa. Ninyi mnaouza, acheni kutabiri hali ya hewa. Na sisi vijana ndio tunatumwa Nairobi na pesa za harambee, sisi ndio tunasoma zile karatasi za maelezo kwa niaba ya wazee. Hiyo ni nguvu, tuitumie.

Mimi si daktari. Kama mzee wa boma anakoroma na pumzi inakatika, apelekwe apimwe, na mambo ya kiwango cha hewa aachiwe mtaalamu. Lakini ukifika kwa duka, kabla hujatoa pesa, uliza swali moja tu: maji yanaingia wapi hapa? Asiyeweza kukuonyesha, rudisha pesa mfukoni.